Chumba Kikikataa Kusahihishwa: Jinsi ya Kutafuta Kosa katika Marekebisho ya Kidijitali ya Sauti ya Spika za Nyumbani

Sebule ninayosikilizia muziki hapa Chumbageni, Tanga, ina upana wa mita 3.6, urefu wa mita 4.8, na kimo cha mita 3 hadi kwenye dari ya jipsamu. Kuta zake ni za tofali za saruji zilizopigwa lipu, sakafu ni ya vigae, na juu ya dari kuna bati. Mtu aliyewahi kupiga kofi katika sebule ya namna hiyo kabla makochi hayajaingizwa anajua jinsi sauti inavyozunguka kabla ya kufa. Marekebisho ya kidijitali ya chumba ni kazi ya kupima kwa maikrofoni jinsi chumba kinavyoipinda sauti ya spika, kisha kuiachia programu itengeneze vichujio vinavyoipinda sauti hiyo upande wa pili kabla haijafika kwenye amplifaya, ili ikishapindwa tena na chumba imfikie msikilizaji ikiwa imenyooka. Maelezo hayo ni mepesi, lakini wengi wanaonijia kwa ushauri husema neno moja: walipima, wakawasha, na sauti ikawa mbaya kuliko ilivyokuwa. Mwongozo huu unaanzia hapo, pale ambapo vichujio vimekwisha kutengenezwa na matokeo hayaridhishi.

Kwa uzoefu wangu, programu ndiyo inayopaswa kushukiwa mwisho. Kichujio ni hesabu iliyofanywa juu ya kile kilichopimwa, na hakijui kitu kingine chochote kuhusu nyumba yako. Kwa hiyo swali la kujiuliza katika kila hatua ni kama kile ulichokipima ndicho unachokisikiliza, na karibu kila kosa nitakalolieleza limetokea kwa sababu vitu hivyo viwili vilikuwa tofauti bila mwenyewe kutambua.

Kwanza zima vichujio vyote

Zima marekebisho, kaa mahali pako pa kawaida, na ucheze muziki unaoujua vizuri. Hapa hutafuti uzuri wa sauti, bali unataka kujua kama mfumo wako uko salama bila msaada wa programu. Kosa linaloongoza ni la waya, yaani spika moja kuungwa chanya kwenye hasi. Spika zilizoungwa hivyo husukuma hewa kwa kupingana, moja ikisukuma nje wakati nyingine inavuta ndani, na matokeo yake ni kwamba besi hufutana katikati ya chumba, huku sauti ya mwimbaji, ambayo ingepaswa kusimama katikati ya spika hizo mbili, ikitawanyika hata isijulikane inatokea wapi. Baadhi ya mifumo hutoa onyo kuhusu jambo hili, lakini programu inayotazama kiasi cha sauti tu, tena kwa kupima spika moja moja, haiwezi kuligundua, kwa sababu kila spika ikiwa peke yake haina kasoro. Njia ya nyumbani ya kuhakikisha ni kugeuza waya wa spika moja tu na kusikiliza tena ukiwa katikati: mpangilio wenye besi nyingi zaidi ndio sahihi. Mwenye spika za kawaida zisizo na amplifaya ndani anaweza pia kuzichomoa kabisa na kugusisha betri ya volti 1.5 kwa nukta moja kwenye sehemu za kuungia waya. Kwa spika nyingi, koni ya besi itaruka kuja nje ikiwa chanya ya betri imegusa chanya ya spika.

Ukiwa bado hapo, cheza sauti ya upande wa kushoto pekee na uhakikishe kwamba inatoka kushoto. Linaonekana jambo la kitoto, lakini kama pande zimebadilishana baada ya kupima, kila spika itakuwa imevaa kichujio cha mwenzake, na katika sebule ambayo upande mmoja una ukuta na mwingine unafunguka kwenye korido, vichujio hivyo havifanani hata kidogo.

Sisi tunaokaa karibu na bahari tuna adui wa ziada. Hewa ya chumvi huishambulia shaba ya waya uliovuliwa, na ncha zake zikishageuka kijani mguso unakuwa wa kubahatisha. Watu wa Tanga tunajulikana kwa msemo wa waja leo waondoka leo, na hitilafu ya mguso ina tabia hiyo hiyo, kwani huja jioni ikaondoka asubuhi, na mtu akapima chumba chake katikati ya safari hizo. Kata ncha iliyooza, vua waya upya, kaza, ndipo uendelee.

Jambo la mwisho kabla ya kugusa maikrofoni ni kutafuta marekebisho mengine yaliyojificha. Kitufe cha kuongeza besi kwenye amplifaya, mpangilio wa “sinema” kwenye televisheni, kiboreshaji cha sauti ndani ya Windows, na kisawazishi cha programu ya muziki kwenye simu, kila kimoja kinaweza kuwa kimewashwa na mtu mwingine wa nyumbani. Kama kilikuwa kimezimwa wakati wa kupima na sasa kimewashwa, au kinyume chake, usitarajie vichujio vyako vifanye kazi iliyokusudiwa.

Maikrofoni na mahali ilipowekwa

Maikrofoni ya simu haifai kwa kazi hii, hasa kwenye besi, na simu nyingi zina mfumo wa kupunguza kelele unaoingilia kipimo bila kukuuliza. Wengi hutumia maikrofoni ya USB ya kupimia, kama vile UMIK-1 ya miniDSP, pamoja na programu ya Room EQ Wizard iliyoandikwa na John Mulcahy, ambayo hupatikana bure. Maikrofoni hiyo ina faili lake la urekebishaji linalopatikana kwa namba yake ya utambulisho, na hapo ndipo kosa moja kubwa huzaliwa. Mafaili huwa mawili: moja ni la maikrofoni iliyoelekezwa kwenye spika, na jingine ni la maikrofoni iliyoelekezwa juu kwenye dari. Ukiisimamisha kuelekea dari huku umepakia faili la kuelekea spika, maikrofoni itaripoti sauti kali kuwa ndogo kuliko ilivyo, programu itaiongeza ili kufidia pengo lisilokuwepo, na utaketi kusikiliza matoazi yanayochoma masikio. Mtu akiniambia kwamba baada ya marekebisho herufi “s” za mwimbaji zimekuwa kama mluzi, jambo la kwanza ninalomuuliza ni alipakia faili lipi.

Mkono si mahali pa kuishikia maikrofoni, na kiti chenye mgongo mrefu si mahali pa kuifungia, kwa sababu mgongo wa kiti hurudisha sauti. Tumia stendi, na uweke ncha ya maikrofoni pale hasa masikio yako yanapokuwa. Hapa kwetu jambo hili linahitaji fikra kidogo, maana kuna nyumba ambamo baba husikiliza akiwa juu ya kochi, masikio yakiwa yapata mita moja kutoka sakafuni, na wengine wote husikiliza wakiwa wameketi juu ya mkeka, chini zaidi. Amua unampimia nani. Kama mfumo wako, mathalani Dirac Live au Audyssey, unaomba nafasi kadhaa, anza na mahali penyewe pa kukaa, kisha usogeze maikrofoni nusu mita au pungufu kila upande, mbele na nyuma, na pia juu na chini kidogo. Usiipeleke mlangoni wala kwenye meza ya chakula kwa tamaa ya kumfurahisha kila mtu, kwa sababu wastani wa mahali pasipofanana hautakuwa sahihi popote.

Maikrofoni ya USB ina saa yake ya ndani, na kifaa kinachopeleka sauti kwenye amplifaya kina saa yake pia. Kwa kupima kiasi cha sauti hilo halina madhara makubwa, ila ukitaka kulinganisha muda wa spika ya kushoto na ule wa kulia ni lazima uwashe kipengele cha Room EQ Wizard kinachotumia mlio wa spika moja kama alama ya muda. Vinginevyo utasahihisha uchelewaji ambao haupo chumbani. Kwa upande mwingine, ukiona mfumo umeandika kwamba sabufa iko mita 5 wakati iko mita 3, usikimbilie kubadilisha namba hiyo. Sabufa nyingi huchelewesha sauti ndani ya saketi zake, na mfumo umeugeuza uchelewaji huo kuwa umbali. Namba inakosea kwa futi ya fundi lakini ni sahihi kwa sikio.

Dirisha, pangaboi na saa ya kupima

Hili ndilo kosa lililonichukua muda mrefu zaidi kulitambua katika nyumba yangu mwenyewe. Kwa kuwa mchana kuna bodaboda, watoto na friji ya duka la jirani, nilipima saa tano usiku, madirisha yakiwa yamefungwa na pangaboi limezimwa. Grafu ilionyesha kilima kikubwa, yaani besi iliyozidi, karibu na hezi 72 (mitikisiko 72 kwa sekunde), programu ikakikata, na usiku ule ule nilisikiliza nikaridhika kabisa. Kesho yake saa nane mchana, madirisha yakiwa wazi na pazia likipepea, besi ilikuwa imekonda kama ya redio ndogo. Nikapima upya usiku uliofuata na kupata grafu ile ile, nikaanza kuishuku programu, kisha amplifaya, kisha masikio yangu.

Kilichotokea ni hiki. Kilima cha besi hujengeka kwa sababu sauti inagonga ukuta, inarudi, inakutana na ile inayokuja, na zote mbili zinasaidiana katika masafa fulani yanayotegemea vipimo vya chumba. Dirisha lililofunguliwa ni ukuta uliotobolewa: sehemu ya sauti nzito inatoka nje kwenda kwa majirani badala ya kurudi, na kilima kinapungua. Kichujio hakijui kwamba umefungua dirisha, kwa hiyo kinaendelea kukata kilima ambacho hakipo tena, na panabaki shimo. Dari ya jipsamu na milango myepesi ya mbao nayo hucheza na besi, lakini hiyo haibadiliki kati ya usiku na mchana, na kwa sababu hiyo haileti utata wa namna hii.

Tiba yake ni kupima chumba katika hali utakayosikilizia. Mimi nina seti mbili za vichujio. Moja ni ya miezi ya kaskazi, joto linapokuwa kali na madirisha hayafungwi, na nyingine ni ya wakati wa kusi na mvua, yanapokuwa yamefungwa. Kuna aliyeniuliza kama si joto lenyewe linalobadilisha sauti. Ni kweli kwamba sauti husafiri kwa kasi zaidi katika hewa yenye joto, kwani kwa nyuzi joto 24 ni yapata mita 346 kwa sekunde na kwa nyuzi 32 ni yapata mita 351, lakini tofauti hiyo huhamisha kilima cha hezi 72 kwa hezi moja tu, jambo ambalo huwezi kulisikia.

Kelele za nje zina dawa tofauti. Mlio wa kupimia, ule unaopanda polepole kutoka besi hadi sauti kali, unavumilia kelele za kudumu kuliko mtu anavyodhani, na ukiurefusha au kuurudia mara kadhaa unavumilia zaidi. Kinachouharibu ni kelele ya ghafla, kama mlango kubamizwa au honi. Ukisikia kitu cha namna hiyo, futa kipimo na urudie. Usikihifadhi kwa matumaini. Kiwango cha desibeli 75 hivi mahali pa kukaa kinatosha, nacho hakimwamshi mtoto chumba cha pili. Pangaboi ni lazima lizimwe wakati wa kupima, kwa sababu upepo wake ukiipiga maikrofoni unaandika besi ya uongo kwenye sehemu ya chini kabisa ya grafu. Wakati wa kusikiliza, liwashe bila wasiwasi.

Kilima hukatwa, shimo halijazwi

Kupiga hesabu kwenye karatasi kutakusaidia hapa kuliko kununua kifaa kipya. Chukua kasi ya sauti, mita 348 kwa sekunde kwa hali ya hewa yetu ya kawaida, uigawe kwa urefu wa chumba uliozidishwa kwa mbili, na utapata masafa ya kwanza ambayo chumba hicho hupenda kuyavumisha. Kwa sebule yangu ya mita 4.8 ni hezi 36, na mara mbili yake ni hezi 72 na nukta kidogo. Katika wimbi la kwanza, kishindo kikubwa kiko kwenye kuta mbili za mwisho, na katikati ya chumba hakuna kitu. Katika lile la pili, katikati ya chumba ndipo pana kishindo. Kochi langu lilikuwa katikati kabisa, mita 2.4 kutoka kila ukuta, kwa hiyo nilikuwa nimejiweka mwenyewe juu ya kilima cha hezi 72 na ndani ya shimo la hezi 36.

Kilima kinakatika vizuri kwa kichujio, tena ukikikata ipasavyo, ule mvumo unaoendelea baada ya ngoma kunyamaza unapungua pia. Shimo ni habari nyingine. Pale sauti mbili zinapofutana, ukiongeza ile inayotoka kwenye spika unaongeza pia ile inayorudi kutoka ukutani, zote kwa kiasi kile kile, nazo zinaendelea kufutana kama mwanzo. Wakati huo amplifaya inateseka: kuongeza desibeli 10 kunahitaji nguvu mara kumi, yaani mahali palipotosha wati 20 sasa panahitajika wati 200, na koni ya spika inapigwa nje na ndani kwa kazi isiyosikika. Kama baada ya marekebisho spika zako zinapasuka sauti kwenye besi kwa kiwango ambacho zamani zilikimudu, fungua orodha ya vichujio na utafute mahali programu ilipojaribu kujaza shimo. Weka kikomo cha kuongeza kisichozidi desibeli 3 au 4, na kama programu inaruhusu, katazo kamili la kuongeza chini ya masafa ambayo spika zako zinaishia.

Shimo hutibiwa kwa kusogeza samani. Nilirudisha kochi nyuma sentimita 60, na kabla ya kuwasha kichujio chochote besi ya chini ikawa imerudi na kilima cha hezi 72 kimepungua. Shimo jingine hutokana na ukuta ulio nyuma ya spika: gawanya 348 kwa mara nne ya umbali kutoka ukuta huo hadi uso wa spika. Spika zilizo sentimita 90 kutoka ukutani zitakuwa na shimo karibu na hezi 97, mahali penye uhai wa ngoma na wa gitaa la besi. Ukizisogeza hadi sentimita 30, shimo linahamia hezi 290, ambako ni jembamba na halina madhara makubwa, na besi iliyoongezeka kwa sababu ya ukaribu wa ukuta ni kilima ambacho kichujio kinakiweza.

Nyumba za kale za mawe zina hesabu yake maalumu. Rafiki yangu wa Bagamoyo anaishi katika nyumba ya mawe ya matumbawe na chokaa, ya zile ambazo upana wa vyumba uliamuliwa na urefu wa boriti za mikoko, kwa hiyo vyumba ni vyembamba na virefu. Chake kina mita 3 kwa mita 6, na kimo chake ni mita 3 pia. Piga hesabu: upana unatoa hezi 58, kimo kinatoa hezi 58, na wimbi la pili la urefu nalo ni hezi 58. Mawimbi matatu yamekaa kiti kimoja, na kochi lake lilikuwa limeegemea ukuta, mahali ambapo kila wimbi lina nguvu. Alikuwa amehangaika kwa majuma kadhaa akipima upya kila mara, akidhani kwamba kilima kikubwa namna ile ni kosa la maikrofoni. Kilikuwa ni cha kweli. Tulisogeza kochi mbele kwa nusu mita, tukaweka kichujio kimoja chembamba kwenye hezi 58, na hapakuhitajika cha pili.

Mwenye nyumba anaweza kuyathibitisha haya yote bila grafu. Taarabu ya Tanga ilipata gitaa la besi kupitia vikundi kama Black Star Musical Club, na mtu aliyekulia katika muziki huo anaijua mistari ya besi kwa moyo. Gitaa la besi la nyuzi nne huanzia hezi 41, na nyuzi zake nyingine zilizo wazi ni 55, 73 na 98. Sikiliza mstari unaotembea polepole: kama noti moja inanguruma na inayofuata inatoweka, chumba ndicho kinachopiga gitaa. Tahadhari ni kwamba rekodi nyingi za zamani zina besi ndogo sana tangu studio, kwa hiyo usizifanye hakimu wa pekee.

Makosa yaliyo ndani ya kompyuta

Kuna vichujio vinavyoandikwa kama orodha ya masafa, na kuna vile vinavyohifadhiwa kama faili la sauti ambalo programu hulichanganya na muziki. Hivi vya pili vina mtego. Faili lililotengenezwa kwa kiwango cha sampuli (vipimo vidogo vya sauti) 48,000 kwa sekunde, likitumika kwenye muziki wa CD wenye sampuli 44,100 bila kugeuzwa, huhamisha kila kitu kushuka chini kwa karibu asilimia 8. Kichujio cha hezi 72 kinakata hezi 66, kilima kinabaki, na pembeni yake linachimbwa shimo jipya. Kuna programu zinazokataa faili lisilolingana, nyingine huligeuza zenyewe, na nyingine hulipokea kimyakimya. Dalili yake ni kwamba filamu zinasikika vizuri na muziki wa CD unasikika vibaya, kwa kuwa video nyingi hutumia 48,000. Tengeneza faili kwa kila kiwango unachotumia, au ulazimishe kompyuta itoe kiwango kimoja tu.

Mkwaruzo unaotokea kwenye vilele vya muziki pekee, hata sauti ikiwa ndogo, ni dalili ya tarakimu kufurika, yaani sauti kuzidi namba kubwa kabisa ambayo kompyuta inaweza kuiandika. Kichujio kinachoongeza desibeli 4 mahali popote kinahitaji sauti nzima ishushwe angalau desibeli 4 kabla yake. Katika Equalizer APO, programu ya Windows ya kuendeshea vichujio, ni mstari mmoja tu mwanzoni mwa mipangilio. Shusha sauti hapo kwa desibeli 6, kisha uiongeze kwenye amplifaya.

Midomo ya watu kwenye televisheni ikitangulia maneno, tazama aina ya kichujio. Kichujio kirefu cha sampuli 65,536 kilichotengenezwa kwa mtindo wa kulinganisha pande zote mbili za muda (linear phase) huchelewesha sauti kwa nusu ya urefu wake, ambayo kwa kiwango cha 48,000 ni yapata sekunde 0.68. Kwa muziki haina neno, kwa filamu haivumiliki. Vichujio vya namna hiyo vikitumika kwa nguvu kupita kiasi huleta pia kivuli kabla ya pigo, ngoma ikivutwa kidogo kabla ya kupigwa. Mitindo isiyogusa muda wa awali (minimum phase) haina kasoro hizo mbili, na kwa kazi ya kukata vilima vya besi inatosha kabisa.

Sauti ikiwa kali, au ikiwa imekufa

Anayeanza huiambia programu inyooshe mstari wote kuwa tambarare kutoka hezi 20 hadi 20,000, na kwa mtazamo wa karatasi ana haki. Lakini spika nzuri ikiwekwa katika chumba cha kawaida haisomeki tambarare mahali pa kukaa, kwa sababu sauti nzito hujaa chumba na sauti kali hupotea kwenye mapazia, nguo na hewa. Sikio limezoea mteremko huo. Tangu Brüel & Kjær, kampuni ya vifaa vya kupimia sauti, walipopendekeza mstari wao miaka ya 1970, wengi wamekuwa wakilenga mteremko mpole wa jumla ya desibeli 6 hadi 10 kutoka besi hadi juu. Ukiona sauti imekuwa nyembamba na ya kuchosha, badilisha mstari unaolengwa kabla ya kulaumu kitu kingine.

Ikiwa imekufa, yaani mwimbaji amepoteza uhai na ala zimebanana, basi huenda umesahihisha mno. Kuna mpaka ambao chini yake chumba ndicho kinachotawala na juu yake spika yenyewe ndiyo inayotawala, na fizikia ya Manfred Schroeder hutupatia makadirio yake: gawanya muda wa sauti kufa, kwa sekunde, kwa ujazo wa chumba, utafute kipeuo cha pili, uzidishe kwa 2,000. Sebule yangu ina mita za ujazo karibu 52, na sauti yake hufa kwa yapata sekunde 0.9, kwa hiyo mpaka huo unaangukia karibu na hezi 260. Juu ya hapo, meno madogo yanayoonekana kwenye grafu hubadilika ukisogeza kichwa kwa sentimita chache, na kuyasahihisha ni kufukuza kivuli. Mimi huweka marekebisho kamili chini ya hezi 300, na juu yake ninaruhusu mguso mpana wa desibeli 1 au 2 tu. Vigae na kuta tupu zinazofanya sauti kali irukeruke hutibiwa kwa zulia, mapazia mazito na kabati la vitabu, si kwa programu.

Kupima tena, na milio isiyo ya muziki

Pima upya vichujio vikiwa vimewashwa. Wengi huitazama grafu ya utabiri ambayo programu huchora yenyewe na kuridhika nayo, ilhali huo ni utabiri tu. Grafu mpya ikifanana na ile ya kabla ya marekebisho, vichujio havipiti kwenye njia ya sauti kabisa. Ikifanana na utabiri na bado husikii vizuri, kosa liko kwenye mstari unaolengwa au kwenye hali ya chumba. Ukilinganisha kwa sikio, sawazisha kwanza ukubwa wa sauti wa hali zote mbili kwa mlio wa kupimia unaofanana na mvua ya masika juu ya bati, kwa sababu sikio hupenda kile chenye sauti kubwa, na marekebisho yanayokata vilima karibu siku zote hutoka yakiwa madogo.

Kinachobaki ni mitetemo. Vioo vya luva, fremu za picha, mlango wa kabati la vyombo na hata sahani ndani yake hutetemeka besi ikifika masafa fulani, na mlio wake huchukuliwa na watu wengi kuwa ni spika iliyopasuka. Cheza mlio mmoja wa besi na uupandishe polepole kuanzia hezi 30 hadi 150, huku mwenzako akizunguka chumba akigusa kitu kimoja kimoja kwa mkono; kile kinachonyamaza kikiguswa ndicho chenyewe. Kwangu ilikuwa ni luva mbili za dirisha la kusini zilizolegea, na vipande vya kandambili kuukuu vilivyobanwa kwenye ncha zake vilizinyamazisha. Baada ya kazi ya namna hiyo, pima chumba kwa mara nyingine, madirisha yakiwa kama yatakavyokuwa wakati wa kusikiliza, na uandike kwenye jina la faili tarehe, hali ya madirisha, na umbali wa kochi kutoka ukutani.